Mishahara ya watu 41: kupima kazi ya kichwa kabla ya kuigawa

Kiwanda kidogo cha sabuni, Industrial Area, Nairobi. Kina wafanyakazi 41 wa mshahara wa mwezi, pamoja na vibarua wanaolipwa kila Jumamosi kwa daftari lao, ambao tutawaacha nje ya kisa hiki. Akinyi, karani wa miaka mitatu, ndiye anayeandaa mishahara. Mhudumu wa mapokezi ameacha kazi, na mwenye kiwanda haoni haja ya kuajiri mwingine. Anataka siku za mishahara Akinyi ahamie mapokezi na kompyuta yake, apokee simu na wageni huku mishahara ikiendelea.

"Hiyo ni kazi ya saa mbili, Akinyi. Ni kubonyeza kikokotoo tu. Mimi nilikuwa naimaliza kabla ya chai ya saa nne."

"Wakati huo NSSF ilikuwa mia mbili, Mzee."

Swali la kisa ni moja: kazi hii inadai akili kiasi gani, na je, inabaki nafasi ya kuongeza simu juu yake? Kiwanda na watu wake ni wa kubuni, na alama wanazotoa ni za kuonyesha hesabu. Viwango vya makato ni vya Kenya vya mwaka 2025, na vipimo vya mzigo wa akili ni vile vile vinavyotumiwa na watafiti.

Saa mbili za Mzee zilitoka wapi

Mzee hakudanganya. Kabla ya Februari 2023 mfanyakazi alikatwa NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) ya shilingi 200, awe mfagizi au meneja. NHIF (bima ya afya) ilisomwa kwenye jedwali, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700. Makato mawili kati ya matatu hayakuhitaji hesabu, na iliyobaki ni PAYE peke yake, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara.

Kisha mambo yakabadilika moja baada ya jingine. Februari 2023, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa, NSSF ikawa asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo kilichowekwa. Julai 2023 ikaja tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, ikasimamishwa mahakamani mwanzoni mwa 2024, ikarudi Machi mwaka huo huo kwa sheria mpya. Oktoba 2024 SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ikachukua nafasi ya NHIF: asilimia 2.75 ya mshahara wote, si chini ya shilingi 300, bila kikomo cha juu. Na tangu tarehe 27 Desemba 2024, SHIF na tozo ya nyumba hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa, kama ilivyo NSSF.

Mistari ya jedwali ni ile ile 41. Anayekadiria kwa kuhesabu mistari ataona kazi haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba namba za mstari mmoja sasa zimeshikana: ukigusa saa moja ya ovataimu, unagusa mshahara wote, NSSF, SHIF, tozo ya nyumba, kipato cha kutozwa kodi, PAYE na anachopeleka mtu nyumbani. John Sweller, mwanasaikolojia wa Australia aliyeanza kuandika kuhusu mzigo wa akili mwaka 1988, na waliofuata njia yake, wanasisitiza jambo hili kuliko lolote: kinachochosha akili ni idadi ya vitu vinavyotegemeana ambavyo lazima vishikwe kwa wakati mmoja. Kunakili namba 41 za akaunti za benki ni vitu vingi, lakini ukishaandika moja unaweza kuisahau salama. Kukokotoa PAYE ya mtu mmoja ni vitu vichache, ila huwezi kuacha hata kimoja hadi ufike mwisho.

Na nafasi ya kuvishika ni ndogo. George Miller mwaka 1956 aliandika kuhusu vitu saba, mbili zaidi au mbili pungufu. Nelson Cowan mwaka 2001 alipitia ushahidi upya akaishusha hadi karibu vinne, pale mtu asipoweza kuvifunga pamoja au kuvirudiarudia kimoyomoyo. Kwa kazi ya ofisi, shika nne. Saba itakudanganya.

Kuipasua kazi

Kosa la kwanza katika makadirio ya namna hii ni kuuliza, "Mishahara ni kazi ngumu kiasi gani?" Mishahara si kazi moja. Ikipasuliwa kwa jinsi Akinyi anavyoifanya, inatoa vipande vitano:

Kukusanya fomu za ovataimu kutoka kwa wasimamizi, orodha ya advansi na barua ya makato ya SACCO (chama cha akiba na mikopo): dakika 70. Kugeuza saa za ovataimu kuwa shilingi: dakika 55. Makato ya kisheria na PAYE: dakika 45. Makato ya hiari na kuhakikisha hakuna aliyekatwa zaidi ya theluthi mbili ya mshahara, kama Sheria ya Ajira inavyotaka: dakika 30. Faili la benki na kuchapisha hati za mshahara: dakika 80.

Jumla ni dakika 280, yaani saa nne na dakika 40. Hapo tayari saa mbili za Mzee zimeshapita, lakini huo si uzito, ni muda tu. Ili kupata uzito, muulize mfanyaji swali moja mara tu anapomaliza kila kipande: umetumia juhudi kiasi gani ya akili, kuanzia 1 (ndogo mno) hadi 9 (kubwa mno)? Kipimo hiki cha swali moja kilitumiwa na Fred Paas mwaka 1992 na kimedumu kwa sababu hakimpotezei mtu muda. Akinyi anatoa 3, 8, 7, 6 na 3.

Sasa angalia kinachotokea ukitaka namba moja ya kumpelekea bosi. Zidisha kila alama kwa dakika zake, jumlisha, gawa kwa 280: unapata 4.9. Katikati kabisa ya kipimo! Mtu akisoma 4.9 atasema kazi ni ya wastani, mpe na simu. Lakini hakuna hata dakika moja ambayo kazi hii ilikuwa ya wastani. Dakika 150 ni nyepesi, nyingine 130 ni nzito, na wastani umezika zote mbili. Mzigo wa akili haujumlishwi kama magunia. Mtu hukosea pale ulipozidi, si kwenye wastani.

Uliza papo hapo, kipande kikiisha. Ukingoja jioni, mtu atajibu kwa kukumbuka pale palipomuuma zaidi na jinsi kazi ilivyoishia. Na usimuulize mbele ya bosi. Karani anayeogopa kuonekana mzito wa kichwa atatoa 4 kwa kila kitu. Anayetaka kuongezwa mshahara atatoa 9.

Mstari wa 23

Namba 8 haisemi kitu mpaka uone inapotoka. Chukua mfanyakazi mmoja kwenye mstari wa 23. Mshahara wa msingi 33,750, posho ya nyumba 5,350. Fomu ya msimamizi, kwa kalamu inayokaribia kwisha wino: "12 + 4 J/pili".

Kanuni ya jumla ya mishahara hugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225 kupata thamani ya saa. 33,750 kwa 225 ni 150. Saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, yaani 225. Ya Jumapili, ambayo kwa huyu ni siku ya mapumziko, mara mbili, yaani 300. (Namba 225 imetokea mara mbili hapo kwa maana mbili tofauti, na si ajabu mtu kuzichanganya.) Saa 12 kwa 225 ni 2,700. Saa 4 kwa 300 ni 1,200. Ovataimu 3,900, mshahara wote 43,000.

Hesabu ya darasa la sita, atasema Mzee. Kweli, hesabu yenyewe si ngumu. Lakini mtazame Akinyi akiifanya. Amesoma fomu, anashikilia 12, anashikilia 4, anakumbuka ipi ni ya Jumapili, anapiga 33,750 kwa 225 kwenye kikokotoo, anashikilia 150, anaizidisha kwa moja na nusu, kisha kwa 12, na sasa 2,700 inangoja kichwani wakati anaanza tena na 150 kwa mbili. Hapo ana vitu vitano hewani: matokeo ya kwanza, thamani ya saa, kizidishi, saa nne za Jumapili, na mstari aliopo. Midomo inachezacheza na macho hayaondoki kwenye fomu. Daniel Kahneman na Jackson Beatty mwaka 1966 walionyesha kwamba mboni ya jicho hupanuka kadiri mtu anavyoongezewa tarakimu za kushika, na hurudi kadiri anavyozitoa. Ofisini hakuna kamera ya kupima mboni, lakini mtu aliyezima redio bila kuombwa amekupa kipimo cha bure.

Simu ikilia hapo, hiki ndicho kinachotokea. Akinyi anarudi, anaona 12 na 4, anakumbuka 225, anaandika saa 16 kwa 225: shilingi 3,600 badala ya 3,900. Mstari unaonekana mzuri. Na ubaya wa kosa hili ni kwamba kila kitu kinachofuata kitakubaliana nalo. NSSF itakuwa asilimia 6 kamili ya mshahara usio sahihi, SHIF asilimia 2.75 kamili, jumla zitafunga. Hakuna hakiki ya makato itakayolikamata, kwa kuwa makato hayajakosewa.

Mfanyakazi akija dirishani tarehe moja, hatalalamikia shilingi 300. Atasema zimepungua 188, kwani ndizo zilizopotea baada ya makato na kodi. Akinyi atatafuta 188 kwenye kila karatasi na hataiona popote. Njia ya mkato: kwa mtu ambaye mshahara wake hauzidi 72,000 na kipato chake cha kutozwa kodi kiko kwenye kiwango cha asilimia 30, kila shilingi ya mshahara wote humfikia mfukoni ikiwa senti 62.825. Gawa upungufu wa 188.48 kwa 0.62825 na unarudi kwenye 300, namba ambayo inaweza kuonekana kwenye fomu ya ovataimu. Ibandike ukutani.

Kipande cha tatu: ugumu wa mpangilio

Endelea na mtu yule yule. NSSF asilimia 6 ya 43,000 ni 2,580. SHIF 1,182.50. Tozo ya nyumba 645. Kipato cha kutozwa kodi 38,592.50. Kodi: asilimia 10 ya 24,000 za kwanza ni 2,400, asilimia 25 ya 8,333 zinazofuata ni 2,083.25, asilimia 30 ya 6,259.50 zilizobaki ni 1,877.85. Jumla 6,361.10, toa nafuu ya kibinafsi (punguzo la kodi la kila mfanyakazi) 2,400, PAYE ni 3,961.10. Anabaki na 34,631.40 kabla ya SACCO na advansi.

Hapa mzigo uko kwenye mpangilio zaidi kuliko kwenye kuzidisha. Karani aliyezoea utaratibu wa kabla ya Desemba 2024 mkono wake unataka kutoa NSSF tu kabla ya kodi. Akifuata mazoea hayo, PAYE inakuwa 4,509.35, na mtu amekatwa 548.25 zaidi. Kupigana na mazoea kunakula nafasi ya akili bila kuonekana kwenye orodha yoyote ya hatua, na ndiyo sababu kazi iliyobadilishwa kidogo inaweza kuwa nzito kuliko kazi mpya kabisa kwa miezi ya kwanza.

Upande wa pili, uzoefu hupunguza mzigo kwa kufunga vitu pamoja. Akinyi ameshatambua kwamba nafuu ya 2,400 ni sawasawa na kodi ya 24,000 za kwanza, hivyo zinafutana. Kwa mtu yeyote ambaye kipato chake cha kutozwa kodi kinazidi 32,333 na hakijafika 500,000, PAYE ni 2,083.25 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi 32,333. Hatua tano zimekuwa mbili. Vivyo hivyo NSSF: wanaofunzwa huambiwa wapige daraja la kwanza (asilimia 6 ya 8,000, yaani 480) kisha daraja la pili (asilimia 6 ya kinachozidi 8,000 hadi 72,000). Kwa asiyezidi 72,000, na ikiwa kiwanda hakijahamishia daraja la pili kwenye mfuko binafsi wa pensheni, jumla ni asilimia 6 tu. Madaraja hayo mawili yanamchosha mtu bure.

Kwa hiyo usiseme "kazi hii ni ya 7". Sema ni ya 7 kwa Akinyi. Karani mgeni kwenye karatasi zile zile ni 9.

Kuingia ndani ya ile 8

Swali moja linakuambia kipande ni kizito. Halikuambii ni uzito wa aina gani, na bila hilo hujui urekebishe nini. Kwa kipande cha pili tunatumia kipimo kirefu zaidi, NASA-TLX, kilichotengenezwa na Sandra Hart na Lowell Staveland na kuchapishwa mwaka 1988. Kina mizani sita: dai la akili, dai la mwili, dai la muda, ufanisi, juhudi, na kero. Kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 100 kwa hatua za 5. Kisha mizani hupangwa mbili mbili, jozi 15, na kwa kila jozi mtu anachagua ipi ilichangia zaidi uzito wa kazi. Idadi ya mara iliyochaguliwa ndiyo uzani wake, 0 hadi 5, na uzani wote lazima ufike 15. Usipofika, kuna jozi imerukwa.

Akinyi: akili 85 (uzani 5), muda 70 (4), kero 65 (3), juhudi 75 (2), ufanisi 40 (1), mwili 15 (0). Zidisha, jumlisha, unapata 1,090. Gawa kwa 15, ni 72.7.

Wengi huruka zile jozi na kuchukua wastani wa kawaida wa mizani sita. Inakubalika, lakini ujue inavyofanya kwenye kazi ya mezani: hapa wastani huo ni 58.3, kwa kuwa dai la mwili, ambalo halihusiki kabisa, limeuvuta chini. Ukiamua kutumia wastani, utumie hivyo hivyo kila mwezi, na usilinganishe 58.3 ya leo na 72.7 ya juzi.

Mtego mwingine uko kwenye ufanisi: mizani yake imegeuzwa. 0 ni kufaulu kabisa, 100 ni kushindwa. Mtu asipoelezwa atajipa 90 akidhani anajisifu.

Kinachovutia kwenye majibu haya ni kero, 65 na uzani wa 3. Ukimuuliza kero hiyo inatoka wapi, hataji hesabu. Anataja mwandiko wa wasimamizi, na fomu zinazoletwa jioni baada ya yeye kufunga. Huo si mzigo wa kazi yenyewe. Ni mzigo uliobandikwa juu yake, na ndio wa bei nafuu zaidi kuuondoa.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Alama ndogo si lazima iwe habari njema. Mtu aliyezidiwa hufika mahali akaacha kukokotoa, akanakili ovataimu ya mwezi uliopita na kubadilisha kidogo. Ukimpima hapo atakupa 3, kwa ukweli kabisa, maana kazi anayoifanya si ile unayodhani unaipima. Kwa hiyo alama za juhudi husomwa pamoja na makosa. Juhudi ndogo na makosa machache: kazi ni nyepesi. Juhudi ndogo na makosa mengi: mtu ameshaitua kazi.

Jaribio la simu

Sasa swali la Mzee. Njia ya uhakika ya kujua kama kazi imebakisha nafasi ni kuweka kazi ya pili ndogo juu yake na kuona nini kinaanguka. Huko maabara huweka mlio na kitufe. Hapa kazi ya pili ipo tayari, ni simu yenyewe.

Masharti manne. Lifanyike kwa nakala ya mwezi uliopita, kamwe si kwa mishahara ya kweli. Majibu sahihi yapo ya kulinganisha. Akinyi aifanye kwanza bila simu, ili kuwe na msingi. Mtu wa stoo apige kwa vipindi visivyo sawa, dakika mbili, kisha saba, kisha nne, maana akipiga kila baada ya dakika tano Akinyi ataanza kujipanga kuingoja. Na kila simu iwe na ujumbe wa kuandika: jina, kampuni, namba ya kupigiwa.

Pima vitu vinne: simu imelia mara ngapi kabla ya kupokelewa, ujumbe umeandikwa sawa au la, sekunde kutoka kukata simu hadi herufi ya kwanza kuandikwa kwenye jedwali, na makosa kwenye jedwali. Hili la sekunde husahaulika sana, na ndilo linaloonyesha gharama halisi ya kukatizwa. Simu ya dakika moja haigharimu dakika moja.

Kwenye faili la benki, Akinyi anapokea mlio wa pili, anarudi kazini ndani ya sekunde tano, hakuna kosa. Kwenye ovataimu, simu inalia mara tano au sita, kurudi kunachukua sekunde 40, na mistari mitatu kati ya 41 imekosewa, wakati bila simu ulikosewa mmoja. Na ujumbe mbili hazina jina la aliyepiga.

Zile ujumbe mbili zisipuuzwe. Mtu akizidiwa huchagua, mara nyingi bila kujua, kazi ipi ailinde. Kama Akinyi angeambiwa simu za wateja ndizo muhimu, ujumbe wote ungekuwa sawa na mistari iliyokosewa ingekuwa mingi zaidi. Anayepima jedwali pekee, au simu pekee, atapata jibu la kupendeza lisilo la kweli.

Kilichoamuliwa

Mzee anapata nusu ya alichotaka. Vipande vya kwanza na vya tano vinafanyika mapokezi, simu na wageni juu yake, bila hasara. Vya pili na vya tatu vinafanyika chumba cha ndani, saa tatu hadi saa tano asubuhi, mtu wa stoo akiwa mapokezi. Dakika 55 na 45 ni 100, kwa hiyo zinabaki 20 za pumzi. Cha nne kinaweza kwenda mapokezi kwa sharti moja: kabla ya kuinua simu, Akinyi anaandika kwenye karatasi namba ya mstari na safu aliyofikia. Maneno mawili hayo yanaondoa kichwani kitu kinachopotea kirahisi kuliko vyote, yaani mahali ulipokuwa.

Kisha kazi yenyewe inapunguzwa uzito. Fomu ya ovataimu inapigwa chapa upya ikiwa na visanduku viwili, siku za kawaida na siku za mapumziko, na msimamizi anajaza namba tu. Mwisho wa kuipokea ni tarehe 22, inayochelewa inalipwa mwezi ujao. Kwenye Excel kunaongezwa safu mbili za thamani ya saa, 1.5 na 2, zinazokokotolewa mara moja na kuguswa tu mshahara unapopanda. Sasa kwenye mstari wa 23 Akinyi anasoma 12 anaandika 12, anasoma 4 anaandika 4. Vitu vitano hewani vimekuwa kimoja. Ovataimu ya watu wote inamalizwa kwanza, safu inafungwa, ndipo makato yaanze. Kumpeleka kila mtu kutoka ovataimu hadi PAYE kabla ya kumgeukia mwingine kungemlazimu kubadili kanuni kichwani mara mbili kwa kila mstari.

Akipima tena baada ya miezi miwili (mwezi wa kwanza haufai, maana kujifunza utaratibu mpya nako ni mzigo), kwa uzani ule ule: akili 55, muda 45, kero 30, juhudi 50, ufanisi 25. Jumla 670 kwa 15, ni 44.7. Tofauti na 72.7 ni kubwa vya kutosha kuiamini. Ingekuwa pointi nne au tano tusingeitilia maanani, kwa mtu mmoja aliyepimwa mara mbili.

Hakiki nazo zinabadilika. Kwa kuwa kosa la ovataimu hujificha nyuma ya jumla zinazofunga, lina hakiki yake peke yake: jumla ya saa za kawaida kwenye fomu zote ilingane na jumla ya safu, na za mapumziko vilevile, kila moja mbali. Kosa la mstari wa 23 lingeonekana hapo papo hapo, saa nne zimehama upande. Baada ya hapo makato yanahakikiwa kwa hesabu tatu tu. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 ya jumla ya mishahara. SHIF ni asilimia 2.75, isipokuwa kama kuna aliyepata chini ya 10,909, ambaye hukatwa 300. NSSF ni asilimia 6, ukitoa 1,440, kwa sababu meneja analipwa 96,000 na kinachozidi 72,000 hakikatwi. Tofauti ya senti chache ni za kukadiria. Ikizidi shilingi tano, kuna mstari una fomula iliyoandikwa juu kwa mkono.

Ile 1,440 ni ya kuangaliwa. Vikomo vya NSSF vilipanda kila Februari kuanzia 2024, na Februari 2026 vilifika 9,000 na 108,000. Meneja sasa yuko chini ya kikomo: anakatwa 5,760 badala ya 4,320, na hakiki inakuwa asilimia 6 ya mishahara yote bila kutoa chochote. Kazi imekuwa nyepesi kwa kitu kimoja, lakini Februari yenyewe itakuwa nzito, mkono wa Akinyi ukiendelea kutafuta 1,440 ambayo haipo. Mwezi huo chumba cha ndani kiwe chake hadi saa sita.